Mwanangu, hela isitangulie hati

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusikiliza jana baada ya isha, nikaurudia mara tatu. Umesema nyumba ya Ipuli, hapa Tabora, mmeipenda, bei ni milioni 46, ila hati iko benki kwa sababu mwenye nyumba ana mkopo. Anataka mumpe milioni 14 mkononi akaikomboe, na makubaliano ya mauzo yaandikwe kwa mwenyekiti wa mtaa. Unauliza kama hiyo inatosha, au kuna haja ya kumlipa wakili.

Haitoshi. Na hiyo milioni 14 usimpe mkononi hata akilia.

Nikueleze jambo ambalo marehemu baba yako hakupenda tulizungumze mbele yenu. Mwaka 2006, wewe ukiwa darasa la pili, tulinunua nyumba Isevya. Wewe unakumbuka tu kwamba tulihamia huko, kisha tukarudi Cheyo kwa bibi. Karatasi yetu ya mauzo ilikuwa ya daftari la mistari, saini tano za kalamu ya bluu na muhuri wa mtaa wa rangi ya zambarau. Tukaona tumemaliza. Mwezi wa saba tangu tuhamie akaja mama mmoja, mtoto mgongoni, mkononi kashika mfuko wa rambo. Akaketi barazani, akaomba maji, akanywa yote, ndipo akatoa kwenye ule mfuko cheti cha ndoa. Alikuwa mke wa aliyetuuzia. Alikuwa kwao Urambo akimuuguza mama yake, na muda wote huo hakujua kwamba nyumba yake imeuzwa. Sufuria zake mbili zilikuwa bado stoo. Mimi mwenyewe ndiye niliyezipanga pale.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa upande wake: nyumba wanayoishi wanandoa, mmoja hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Tulikwenda Baraza la Ardhi na Nyumba, tukashindwa, na yule mama alikuwa na haki. Mumewe alikuwa keshahama mji. Yale yalikuwa mafao ya baba yako yote, na hatukuyaona tena.

Ndiyo maana nakwambia, kabla ya shilingi moja kutoka, mwombe muuzaji nakala ya hati uipeleke ofisi ya ardhi ukaombe upekuzi. Unajaza fomu, unapewa namba ya malipo, unalipia, na Msajili wa Hati anakujibu kwa maandishi: mmiliki ni nani, kuna rehani ya benki gani, kuna zuio la mtu mwingine au amri ya mahakama. Anaweza kuwa na deni la benki moja akakuficha la pili. Jibu la Msajili ndilo litakalokwambia.

Ukiishika hiyo nakala, tafuta mahali palipoandikwa muda wa umiliki na tarehe ya kuanza. Ardhi yetu ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake. Sisi tunapewa haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inakwisha 2028. Watu wanaangalia bati na vigae, tarehe hawaiangalii. Angalia pia risiti za kodi ya pango la ardhi, maana deni la miaka ya nyuma linabaki kwenye kiwanja na litakuja kukukuta wewe.

Sasa hiyo milioni 14. Benki ya muuzaji itoe barua inayosema deni lililobaki ni kiasi gani mpaka tarehe fulani, na kwamba likilipwa itaachia hati pamoja na waraka wa kuondoa rehani. Fedha yako iende moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo wake, si kwenye simu yake wala kwa dalali. Hati ikitoka, ikabidhiwe kwa wakili. Na yote haya yawe yameandikwa kwenye mkataba wa mauzo kabla hujalipa, yeye akiwa amekwisha kusaini fomu za uhamisho zikakaa kwa wakili huyohuyo. Kinachobaki umlipe kadiri hatua zinavyokwenda, na kiasi kizuri ukizuie mpaka hati isome majina yenu. Akikataa utaratibu huu, basi hiyo hati ina jambo.

Mwenyekiti wa mtaa usimdharau. Yeye ndiye anayejua nani anaishi pale, nani walirithi, nani waligombana juu ya mpaka, kwa hiyo mwendeeni kwa heshima na mumuulize. Ila muhuri wake hauhamishi umiliki. Nyumba yenye hati inakuwa yako siku uhamisho unaposajiliwa, na kabla ya hapo unachoshika ni ahadi ya muuzaji tu. Na wakili awe wenu. Yule atakayeletwa na muuzaji ni wa muuzaji, hata akiwaita wanangu.

Mke wa muuzaji aje mwenyewe mbele ya wakili na kitambulisho chake cha NIDA, asome au asomewe, asaini. Saini iliyoletwa kwenye bahasha msiipokee. Na muulizeni muuzaji bila kuona haya kama ana wake wawili. Tabora hii unaijua.

Kodi msigombanie mwishoni. Uthamini, yaani makadirio ya thamani ya nyumba, ukishaidhinishwa, muuzaji analipa TRA kodi ya ongezeko la mtaji, ile ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya faida aliyopata, na bila kumalizana na TRA uhamisho haupiti. Ushuru wa stempu na ada ya usajili kwa kawaida ni vya mnunuzi. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini.

Umegusia kwamba mtamalizia kwa mkopo wa nyumba, na baadaye mkipata benki yenye riba nafuu mtauhamisha. Inawezekana, lakini kuhamisha ni kufuta rehani moja na kusajili nyingine, uthamini upya, bima, na malipo ya wakili wa benki. Mwombeni ofisa awaandikie gharama zote, mlinganishe na mtakachookoa kwenye riba kwa miaka iliyobaki. Usikubali kutajiwa rejesho la mwezi peke yake.

La mwisho ni gumu kidogo, na nalisema nikimpenda mume wako. Majina yenu yote mawili yaandikwe kwenye hati. Mwambieni wakili mnataka umiliki upi: ule ambao mmoja akifariki nyumba inabaki yote kwa mwenzake, au ule ambao kila mmoja ana hisa yake na hisa hiyo inakwenda kwa warithi wake. Zungumzeni nyumbani kwanza, usiku, watoto wamelala.

Jumatatu asubuhi nitakwenda Ipuli na mjomba wako. Yeye atahesabu bikoni za mpaka wa kiwanja, mimi nitakaa jikoni na mama mwenye nyumba nimsikie kwa masikio yangu kama anajua wanauza. Nitumie picha ya ukurasa wa kwanza wa ile nakala ya hati kabla ya Jumapili. Matoborwa yako, yale ya viazi vilivyokaushwa, nimeyafunga kwenye kiroba, yatakuja na basi la Jumatano.

Mama yako