Mlonge na dawa za saratani
Dadangu wa Shela, umeuliza kama mamako aache sindano za saratani ya titi anywe maji ya mlonge, maana umesikia flavonoidi (kemikali za asili zilizomo kwenye mimea) zaua uvimbe. Asiache, tafadhali.

Habari yenyewe si uzushi mtupu. Mlonge una kwesetini, mojawapo ya flavonoidi hizo, ile ile iliyomo kwenye kitunguu maji, hasa matabaka ya nje tunayoyabandua na kutupa. Seli za saratani zina ulafi wa sukari. Maabarani, kwesetini ikitiwa juu yake huziba milango ya kupitishia glukosi, nazo zikadhoofika. Lakini kipimo kinachotumika huko huwa kikubwa mno. Ukiinywa, kidogo tu hupenya utumboni, na hicho kidogo ini hukibadilisha upesi. Hakuna flavonoidi iliyothibitishwa kutibu saratani ya titi kwa mtu.

Mboga ya mlonge ya nazi mpikie, ni chakula (na kitamu, wallahi). Ninachohofia ni vidonge na unga wa kopo, maana vyaweza kugongana na dawa. Daktari aonyeshwe kopo lenyewe kabla ya sindano ijayo. Na balungi pia umuulize, maana nalo laweza kugongana na dawa.