Kabla hujanunua bango la soda la Kiebrania, soma bei iliyochapwa pale chini

Juzi msomaji mmoja wa Arusha kanitumia picha ya bango la tangazo: dada kavaa kofia ya jua, mkononi glasi ya kinywaji chekundu chenye mapovu, na juu yake herufi za Kiebrania nene kama matofali. "Kaka, muuzaji anasema ni la 1947. Anataka laki nne. Nichukue?"

Nikaikuza picha kwenye kona ya chini. Bei ya glasi ilikuwa imeandikwa kwa agorot, yaani senti za Israel. Nikamjibu, "Usichukue." Akauliza kwa nini. Jibu la hilo swali mimi nililinunua kwa shekeli 400, kwa hiyo leo nawapa bure.

2017 nilikuwa Arava, kusini mwa Israel, kwenye yale mafunzo ya kilimo ambayo vijana wetu wa vyuo huenda. Habari za kuchuma pilipili hoho tangu alfajiri nitaziruka. Kilichoniteka ni duka la kijiji, ambako nyuma ya jokofu palining'inia bango la gazoz, yaani maji ya gesi yaliyochanganywa na sharubati, kinywaji kilichokuwa kikiuzwa zamani kwenye vibanda vya Tel Aviv. Nilipoliona nikakumbuka kwa Mangi, mtaani kwetu Moshi, na lile bati lake la soda lililoliwa na kutu. Siku hiyohiyo nikaamua kuwa nitakusanya. Najua na wewe unayesoma hapa unautaka ukuta kama wangu, usijifiche.

Kiebrania nilijifunza kwenye lebo za chupa. Kwa Mswahili si kigumu kama watu wanavyotisha. Sita ni shesh, saba ni sheva, tisa ni tesha, mia ni me'a, sukari ni sukar. Hizo sisi tulizichukua kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Baada ya miezi miwili nilikuwa nasoma bei zote dukani, nikajiona profesa. Balaa likaanzia hapo.

Soko la vitu vya kale liko Jaffa. Wenyewe huliita shuk hapishpeshim, soko la kunguni. Siku yangu ya mapumziko ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ni Sabato: soko limefungwa, mabasi hayatembei. Ikabidi niombe ruhusa Ijumaa moja, nipande basi alfajiri, nifike, nitafute, ninunue na kugeuza kabla basi la mwisho la mchana halijaniacha. Mtu mwenye haraka hivyo muuzaji anamjua akiwa mbali. Mama yangu ameuza mitumba kwenye soko la Memorial, Moshi, miaka mingi, na ningemkumbuka kidogo tu nisingeingia mkenge. Mzee wa pale akaniita "achi", ndugu yangu, akanifungulia bango la gazoz lenye karatasi ya kahawia. "La kabla ya dola ya Israel," akasema, yaani enzi Waingereza walipotawala pale. Alitaka shekeli 600, nikateremsha hadi 400. Nikatoka nikijipongeza.

Mama wa mwenye shamba letu alikuwa na miaka kama themanini. Mimi nilimwita Bibi, naye akalipenda jina hilo. Nikamtandikia bango mezani. Kwanza akafurahi, akanisimulia alivyokuwa akinywa gazoz ya petel, ile sharubati nyekundu, akiwa mtoto. Halafu akainama kwenye kona ya chini, akaanza kucheka mpaka akashika kiti.

"Agorot? Wakati wa Waingereza? Sisi tulikuwa tunahesabu kwa mil!"

Na kweli. Mil ilikuwa hela ya Palestina ya Waingereza tangu 1927. Dola ya Israel ilipoundwa, mwaka 1949 zikaja pruta, elfu moja kwa lira, hela kubwa ya wakati huo. Agorot ziliingia Januari 1960, mia moja kwa lira, na shekeli ikaja 1980. Bango linalotaja agorot haliwezi kuwa la kabla ya 1960 hata muuzaji aape kwa jina la mama yake. Bei niliisoma kwa ufasaha, nikajisifia kuisoma, lakini sikujiuliza ni hela ya lini.

Bibi akaleta kioo chake cha kukuzia cha kusomea gazeti. Rangi zote zilikuwa vitone vidogo vya printa. Mabango ya zamani ya litografia, uchapaji wa kale wa jiwe, rangi zake hukaa zimeenea, zenye chembechembe kama alama ya chaki. Ya ofseti, mashine za uchapaji za baadaye, yana vitone vilivyojipanga kwa mpangilio. Langu lilikuwa limetoka kwenye printa, kisha likaogeshwa, nadhani kwenye chai. Yaani nilidanganywa mara mbili kwa bango moja: picha ya miaka ya sitini, karatasi ya juzi.

Nilirudi Jaffa Ijumaa nyingine. Mzee akaniangalia kama hajawahi kuniona. "Nilikuambia ni la zamani. Si la zamani?" Achi yote imeisha. Miaka imepita na bado nikikumbuka ule mkono alionipungia, kama anafukuza nzi, natamani nirudi.

Basi sikilizeni. Bei kwanza, picha baadaye. Ukimaliza bei, angalia kampuni. Tempo, kampuni ya soda ya Israel, ilianzishwa miaka ya hamsini, kwa hiyo anayekuuzia Tempo ya vita ya pili ya dunia mwache aende zake. Coca-Cola ilianza kujazwa kwenye chupa Israel 1968, nchi za Kiarabu zikaisusia. Pepsi haikuingia mpaka miaka ya tisini. Mwaka wa Kiebrania nao wakati mwingine uko pembeni kwa herufi: tav, shin, het ni 5708, sawa na 1947 hadi 1948. Halafu soma bei tena.

Chapisho jipya lenyewe si dhambi. Bango la Franz Krausz la 1936 la kuwaita watalii Palestina lilichapwa upya 1995 na David Tartakover kwa ruhusa ya Krausz mwenyewe, na sote tunajua ni chapisho jipya. Dhambi ni chai.

Na nyie vijana mnaoniuliza bango litapanda bei lini, acheni. Mtu aliyekuja kutafuta faida hana subira ya kusoma kona ya chini, hampigii mama yake simu amuulize, hanunui kioo cha kukuzia cha elfu tano. Leo nina mabango kumi na moja, yote kwenye fremu mbali na dirisha na mbali na mchwa. La mwezi uliopita, la maji ya machungwa, lina bei kwa pruta. Nililifukuzia miaka minne kwenye minada ya mtandaoni. Miaka minne!

Hayo yote nilimwandikia yule wa Arusha, ujumbe mrefu kuliko makala hii. Kajibu jana usiku: alishalipa nusu, na muuzaji amemwongezea kalenda.