Dramu bila mwalimu: kinachokosekana ni sikio

Swali lenu la wiki hii ni kama mtu anaweza kujifunza dramu peke yake, bila mwalimu, mpaka akakaa na bendi. Jibu langu ni ndiyo. Tony Allen, mpiga dramu wa mwanamuziki wa Nigeria Fela Kuti na mmoja wa waasisi wa muziki wa Afrobeat, alijifundisha mwenyewe akiwa na miaka 18, na alikuwa akiwasikiliza kwa makini wapigaji kama Max Roach na Art Blakey. Hilo la kusikiliza ndilo ninalotaka kulisema, kwa sababu nami nimejifunza hivyohivyo.

Midundo imejaa mtandaoni, wala huhitaji mtu wa kukuonyesha mkono uende wapi. Mwalimu ana kazi nyingine: anakusikiliza, na ukianza kukimbia, yaani kuharakisha mdundo, anakusimamisha. Anayejifunza peke yake amekosa sikio hilo, kwa hiyo alitafute mahali pengine. Metronomu, kifaa kinachotoa mlio kwa mwendo usiobadilika, ni nusu yake, na kinasa sauti cha simu ni nusu ya pili. Ningemshauri anayeanza awe na hivyo viwili na pedi ya mazoezi, kibao chenye mpira cha kupigia, kabla hajawaza kununua seti nzima.

Weka metronomu kwenye mapigo 60 kwa dakika, upige pigo moja kwa kila mlio. Mwendo huo ni mgumu kuliko wa haraka. Nafasi kati ya mlio na mlio ni pana, mkono unachoka kusubiri na kushuka mapema. Ukipiga sawasawa kabisa, husikii tena mlio wa metronomu, kwa maana kijiti chako kimeufunika. Ukiusikia kabla au baada ya kijiti, umewahi au umechelewa. Hakuna haja ya mtu wa kukwambia.

Kuhusu mikono: shika kijiti kwa kidole gumba na cha shahada, karibu theluthi moja kutoka mwisho wa nyuma, vidole vingine vikikizunguka bila kubana. Kiangushe kwenye pedi ukiache kidunde chenyewe. Ukibana, kijiti hakirudi, unalazimika kukiinua kwa nguvu kila mara, na mkono unaanza kuuma. Wapo wanaowashauri wanafunzi wafanye mazoezi juu ya mto wa kulalia tu. Sikubaliani nao. Mto haurudishi kijiti, na mchezo wote wa mikono uko kwenye kule kurudi.

Shirika la Percussive Arts Society lina orodha ya mazoezi ya msingi 40. Anayeanza atosheke na matatu: pigo moja moja kwa kupokezana, mawili mawili, na paradidoli, yaani kulia-kushoto-kulia-kulia, kushoto-kulia-kushoto-kushoto.

Ukihamia kwenye seti, mkono wa kulia unapiga haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, mara nane: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Sneya, ngoma ndogo yenye sauti kali, inaingia kwenye mbili na nne. Kiki, ngoma kubwa ya mguuni, inaingia kwenye moja na tatu. Hapo wengi hufika bila taabu. Taabu huanza unapoongeza kiki moja kwenye ile "na" baada ya tatu: mguu unauvuta mkono, haihati inakatika. Dawa yake ni kuiondoa sneya kwa muda. Piga haihati na kiki tu, polepole, huku unahesabu kwa sauti. Ukiona mdomo umenyamaza, ujue mwili umepotea, rudi nyuma. Mkono na mguu vikizoeana, irudishe sneya.

Halafu yapo mapambo, zile ngoma za kuzungushia kabla ya kibwagizo. Hapo ndipo karibu kila mtu hukimbia. Piga mizunguko mitatu ya mdundo wa kawaida na wa nne wa pambo, ujirekodi, kisha usikilize jambo moja tu: je, "moja" inayofuata pambo imeangukia kwenye mlio? Kama haijaangukia, punguza pambo hadi mapigo manne ya sneya uanze upya. Pambo dogo linalofika kwa wakati wanamuziki wenzako watalipenda kuliko kubwa linalowapoteza.

Ziba masikio. Seti ya dramu hupita desibeli 100 kwa urahisi, na usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi.

Mwalimu bado ana nafasi. Kifundo cha mkono kikiendelea kuuma hata baada ya kulegeza vidole, lipia somo moja, mtu akutazame unavyoshika. Usingoje kuwa fundi ndipo upige na watu. Mtafute mpiga gitaa la besi, mshikilie mdundo mmoja bila pambo lolote, mpaka kiki yako na noti yake zisikike kama sauti moja.