Maswali ya Wasomaji: Maneno Tunayojiambia Moyoni

SWALI: Mshauri, shikamoo. Nina umri wa miaka 34 na ni karani wa hesabu katika ofisi moja hapa Dodoma. Nimefanya mitihani ya bodi ya uhasibu mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye somo la kodi. Siku hizi kila nikifungua daftari najisikia nikisema moyoni, "Kichwa changu hakikuumbwa kwa mambo haya," kisha naona afadhali nikafue nguo. Mwenzangu wa kazini alinishauri nisimame mbele ya kioo kila asubuhi nijiambie kuwa mimi ni mshindi. Nimejaribu, lakini natoka hapo mnyonge kuliko nilivyoingia. Je, kasoro iko kwangu? Na je, mtu akisema kwamba maisha yake yako mikononi mwake, hajakufuru? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na kioo, kwa sababu kinakuumiza bure. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake wa nchini Kanada walichapisha utafiti ambamo watu walitakiwa kuirudiarudia sentensi ya kujisifu, kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa wakijithamini tangu mwanzo walifaidika kidogo, ilhali waliojidharau walijisikia vibaya kuliko wenzao wa hali kama yao ambao hawakuitamka kabisa. Mtu anaposema jambo asiloliamini, moyo humjibu papo hapo kwa kumletea ushahidi wa kinyume, na wewe ushahidi huo unao, tena umepigwa chapa kwenye karatasi ya matokeo. Kasoro haiko kwako, na wauzaji wa semina za ushindi watanisamehe.

Sasa tuitazame ile sentensi yako nyingine, ambayo ndiyo yenye nguvu. Ukisema kwamba kichwa chako hakikuumbwa kwa mambo haya, umeshadai mambo matatu kwa mkupuo: kwamba sababu ya kuanguka ni wewe, kwamba haitabadilika kamwe, na kwamba imeenea katika kila unachokisoma. Kama madai hayo yangekuwa kweli, kufunga daftari na kwenda kufua ungekuwa uamuzi wa busara kabisa, kwa kuwa nguo angalau zitatakata. Kwa hiyo sikuiti mvivu. Nasema umeitii hukumu ambayo hakuna aliyeikagua, na ajabu ni kwamba wewe ni mtu wa hesabu, usiyekubali hata risiti ya nauli bila kuitazama pande zote mbili.

Mwaka 1967 watafiti wa Marekani Martin Seligman na Steven Maier walieleza jaribio ambalo leo wengi wangelikataa kwa ukatili wake. Mbwa walipigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia kwa namna yoyote. Baadaye walipowekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi kungewaokoa, wengi wao walilala chini na kuvumilia. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mbwa hao walikuwa wamejifunza kukata tamaa. Mwaka 2016 wataalamu haohao walirejea suala hilo na kuandika kwamba mambo ni kinyume chake: kulegea ndiyo hali ya kwanza ya kiumbe aliyeteswa kwa muda mrefu, na kinachofunzwa ni kutambua kwamba tendo lako linaleta tofauti. Hilo halipatikani kwa kujisifu. Hupatikana kwa kutenda jambo dogo na kuliona matokeo yake.

Kwa hiyo chukua karatasi ya matokeo uandike sentensi iliyo ya kweli na inayokuachia la kufanya, kwa mfano: "Nimeanguka somo la kodi mara mbili, na alama nyingi nilizipoteza kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani." Kisha uifungamanishe na saa na mahali: "Nikishaondoa vyombo vya chakula cha jioni, nitakaa mezani nifanye swali moja la kodi kabla sijagusa beseni la kufulia." Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani aliyeandika sana juu ya mipango ya namna hii, alionyesha kwamba azimio lililofungwa kwenye wakati na mahali hutekelezwa zaidi kuliko lile la kusema tu "nitajitahidi".

Kuhusu kukufuru, kusema kwamba kila kitu kiko mikononi mwako si kweli hata kidogo, na mara nyingi kauli hiyo hutumiwa kuwalaumu maskini kwa umaskini wao. Ada ya mtihani, ruhusa ya mkuu wako wa kazi na maswali yatakayotungwa haviko chini ya amri yako. Mkulima wa Kongwa naye hana amri juu ya mvua, lakini shamba hulitayarisha mapema. "Mungu akipenda" ikisemwa na mtu aliyekwisha kufanya swali lake la jioni ni dua; ikisemwa ili daftari lisifunguliwe, ni kisingizio.

SWALI: Assalaam aleikum. Binti yangu wa miaka 5 hujisemesha peke yake anapocheza: "Hiki hapa, hapana, geuza kwanza." Je, nimpeleke kwa daktari? (Baba, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kwa umri huo ni jambo la kawaida. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba mtoto huanza kwa kuongozwa na maneno ya wakubwa, kisha hujiongoza mwenyewe kwa kuyatamka kwa sauti, na hatimaye maneno hayo huingia ndani yakawa fikra za kimya. Muone daktari iwapo hazungumzi na watu wengine, au usemi wake uko nyuma sana ya wenzake. Vinginevyo mwache aseme, na akilalamika "Siwezi", usimjibu haraka kwamba anaweza. Muulize ni kipande kipi kilichomkatalia, kisha umsubiri akuonyeshe.