Ekzosti ilinipa kelele, matairi yakanipa mwendo

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, gari langu ni la kawaida, halina turbo, nataka liwe jepesi kidogo. Nianze na ekzosti au filta ya hewa?" Nilicheka, halafu tumbo likanikata. Swali hilo hilo niliwahi kuliuliza mimi, na jibu nililopewa lilinila mwaka mzima wa akiba.

Gari langu lilikuwa sedani ya lita 1.8, na karatasi za kiwanda zilisema lina nguvu za farasi 130. Fundi niliyemwamini akaniambia injini "inabanwa pumzi". Akang'oa boksi la filta lililokuja na gari, akafunga filta ya koni wazi wazi ndani ya boneti, pembeni tu ya injini. Nyuma akaweka bomba la ekzosti la inchi 3. Nilipopiga resi mara ya kwanza nywele zilinisimama. Majirani nao zao zilisimama, kwa sababu nyingine.

Kwa wiki tatu niliapa kwamba gari limeongezeka. Ndivyo sikio linavyodanganya: mlio ukipanda, unajiona unapaa.

Kisha ikaja siku ya kukimbia kwenye uwanja wa mbio. Rafiki yangu alikuja na gari kama langu, toleo lile lile, halijaguswa hata nati moja. Kona ya pili akanipita, na baada ya hapo nikawa naziona taa zake za nyuma zikizidi kuwa ndogo. Tulipopaki alinisogelea, akaegemea mlango wangu, akasema, "Lako linaimba vizuri." Hayo tu. Mpaka leo nikisikia mtu anasifia mlio wa gari, namuona yeye na lile tabasamu lake.

Kwa hasira tukayapeleka magari yote mawili kwenye daino, ile mashine ya kupima nguvu zinazofika kwenye magurudumu. Lake likatoa farasi 112. Langu, 107. Nilikuwa nimelipa ili nipunguziwe!

Ukilifikiria, halina uchawi. Filta ile ilikuwa inavuta hewa ya moto iliyojaa chini ya boneti, na hewa ya moto ni nyepesi, oksijeni yake kidogo. Kompyuta ya gari ikihisi joto inachelewesha cheche za plagi ili injini isigonge, yaani mafuta yasijiwakie yenyewe, na nguvu inashuka. Bomba nalo lilikuwa nene mno kwa injini ile. Moshi ulipoteza kasi, na chini ya mizunguko 3,000 ya injini kwa dakika gari likawa zito kama limefunga breki ya mkono.

Nikarudisha boksi la kiwandani na filta mpya ya karatasi, nikarudisha na bomba la zamani. Plagi zilikuwa zimelika, nikaweka mpya, nikasafisha na throtoli, ule mlango unaoingiza hewa kwenye injini. Daino ikasema 114. Naam, nikampita rafiki yangu kwa farasi wawili, na nilihakikisha anaiona ile karatasi.

Lakini kilichonibadilisha kabisa ni matairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Yangu yalikuwa na miaka saba, mpira umekauka kama ukucha. Nikanunua matairi laini, pedi nzuri za breki, nikamwaga na mafuta ya breki ya zamani, nikaweka mapya. Wengi hawajui kwamba mafuta hayo hunyonya unyevu: DOT 4, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230, ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 155. Ndiyo maana pedali yangu ilikuwa inazama nikifika mzunguko wa tano wa uwanja. Niliporudi uwanjani nilipunguza sekunde nne kwa mzunguko, na sikuwa nimeongeza hata farasi mmoja.

Siku hizo za uwanjani nilitoa pia tairi la akiba na kiti cha nyuma, kilo 45. Kwa gari la kilo 1,150 hiyo ni karibu asilimia 4, sawa na kupewa farasi watano bure.

Vijana wenzangu, tusikie. Service kwanza, matairi, breki. Halafu tena matairi. Kuandika upya programu ya kompyuta kunalipa kwenye gari lenye turbo, ile pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini; hapo unaweza kupata asilimia 20 hadi 30 kwa sababu presha ya turbo inapandishwa, na klachi ndiyo italia. Bila turbo utapata asilimia chache tu. Na anayetaka kufunga turbo kwenye injini isiyozaliwa nayo ajue anasukuma hewa ya ziada kwenye injini inayobana sana tayari. Asipobadilisha nozeli za mafuta, upoozaji na programu, pistoni zitamjibu. Pima kabla, pima baada. Fundi anayekataa daino anauza mlio.

Nilimwandikia yule msomaji haya yote, ukurasa mzima. Akajibu baada ya dakika mbili: "Asante kaka. Ile ekzosti yako ya zamani bado unayo?"

Ninayo, iko chini ya kitanda. Nimemwambia anitumie kwanza picha ya zile tarakimu nne.