Omena katika mchuzi wa spageti: jibu kwa aliyeuliza majumbani tunatia nini

Ndugu uliyeanzisha mjadala huu, umeuliza ni viungo gani visivyo vya kawaida ambavyo familia zetu hutia katika spageti za nyama ya kusaga, ukaeleza kwamba umepika mara tatu na kila mara mchuzi wako hutoka mwekundu, wa kupendeza kwa macho, lakini chapwa mdomoni. Mchangiaji aliyekufuata amekushauri usitie kitu chochote ambacho Mwitalia hatii. Nimepika chakula hiki hapa Nairobi kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimekirithi kutoka kwa wanawake watatu waliokipika kwa namna tatu zisizofanana, kwa hivyo naomba nikujibu kwa kirefu.

Nianze na hilo la Mwitalia, kwa sababu linastahili jibu la heshima. Mchuzi huu asili yake ni mji wa Bologna, na mwaka 1982 chama cha upishi kiitwacho Accademia Italiana della Cucina kiliandikisha mapishi yake rasmi katika chemba ya biashara ya mji huo: nyama ya ng'ombe, nyama ya tumbo la nguruwe iliyotiwa chumvi, karoti, selari, kitunguu, nyanya kidogo, divai, na glasi nzima ya maziwa. Hata hivyo, mwandishi wa mapishi wa Kiitalia, Pellegrino Artusi, aliyechapisha mapishi ya makaroni ya Bologna mwaka 1891, hakutia nyanya hata moja; alitia kungumanga, na akasema kwamba apendaye anaweza kuongeza maini ya kuku. Mapishi rasmi yaliporekebishwa mwaka 2023, maini ya kuku na njegere, ambazo sisi huku twaziita minji, vilitajwa miongoni mwa vitu vinavyoweza kuongezwa, ilhali kitunguu saumu kilikatazwa. Tena watu wa Bologna hawaupakulii mchuzi huu juu ya spageti. Wao huula na tagliatelle, ambazo ni tambi bapa za mayai. Anayetaka kuifuata kanuni hiyo neno kwa neno itambidi aondoe kitunguu saumu, dania na pilipili hoho, kisha aziondoe spageti zenyewe, na sidhani kwamba kuna nyumba hapa Nairobi iliyo tayari kwa hilo. Mimi hukipima kiungo kwa kazi kinayoifanya ndani ya sufuria, na kazi hizo ndizo nilizojifunza kwa wanawake hao watatu.

Wa kwanza ni mavyaa wangu, mzaliwa wa Homa Bay, aliyewalea watoto wake katika nyumba ya vyumba viwili huku Eastlands. Mara ya kwanza kula spageti zake nilikuwa bado mchumba, na nilishangaa kwamba nyama niliyoiona kwenye sahani ilikuwa chache lakini ladha ya nyama ilijaa mdomo mzima. Nilikaa mwaka mzima kabla ya kuthubutu kumwuliza. Siku hiyo aliniita jikoni, akafungua kopo la zamani la kahawa lililokuwa na unga wa rangi ya majivu, akaniambia ninuse. "Mama, hii si omena?" nikamwuliza, nikimaanisha wale dagaa wadogo wa ziwani. Akanijibu, "Ni omena, mwanangu. Nyama robo kilo hailishi watu saba mpaka uisaidie."

Namna ya kuitengeneza ni hii, na naieleza kama alivyonionyesha, kwa sababu hapa ndipo wengi huharibu. Huchukua omena kavu zilizoanikwa vizuri juani, zenye kung'aa kwa rangi ya fedha, wala si zile zilizogeuka manjano, kwa maana rangi ya manjano ni dalili kwamba mafuta ya samaki yamechacha na uchungu wake hautatoka hata ukizichemsha. Huzikata vichwa moja moja kwa kucha ya kidole gumba, akivuta na ule utumbo mweusi utoke pamoja na kichwa, kazi ambayo kwa kikombe kimoja cha omena humchukua kama nusu saa. Kisha huzikausha kwenye kikaango kisicho na mafuta, juu ya moto mdogo, akizigeuza bila kuziacha, mpaka zivunjike kwa sauti kavu anapozibana baina ya vidole. Zikijikunja bila kuvunjika, bado zina maji na unga wake utafanya madonge. Baada ya hapo huzitwanga kinuni na kuzichekecha, na makapi humwagiwa kuku.

Unga huo haumwagwi juu ya mchuzi uliokwisha iva. Kitunguu kikishafika rangi ya kahawia, hutia vijiko viwili vidogo vya unga kwa nusu kilo ya nyama, akaukaanga ndani ya mafuta kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini. Hapo jikoni hutanda harufu kali ya samaki, na mpishi mgeni hudhani ameharibu chakula. Lakini nyama na nyanya zikishaingia na mchuzi ukachemka polepole kwa saa moja, harufu hiyo hupotea na kubaki kitu ambacho mlaji hawezi kukitaja jina. Ukizidisha ukafika vijiko vinne, samaki anarudi na mchuzi unakuwa wa omena. Nimelijaribu hilo mwenyewe, na watoto wangu walikitambua chakula hicho kabla sijakiweka mezani.

Sababu ya jambo hili inajulikana. Mwaka 1908 mwanakemia wa Japani, Kikunae Ikeda, alitambua kwamba glutameti ndiyo inayoupa mwani wa baharini ladha yake nzito. Nyanya zilizoiva, na hasa nyanya zilizokolezwa za mkebe, zina glutameti nyingi. Nyama na samaki wakavu wana inosineti, na vitu hivi viwili vikikutana ulimi huihisi ladha hiyo kwa nguvu zaidi ya kila kimoja kikiwa peke yake. Mavyaa wangu hakulihitaji jina la kemia ili kulijua hilo. Waitalia nao wanalijua kwa njia yao, kwa kuwa katika michuzi mingi ya kusini mwa nchi yao huyeyusha samaki wadogo wa chumvi ndani ya mafuta kabla ya kutia nyanya. Omena wetu wa Ziwa Victoria wanafanya kazi ile ile, na ninaamini kwa dhati kwamba wanaifanya vizuri, tena kwa bei ambayo mama wa Eastlands anaimudu.

Wa pili ni mama yangu mzazi, mtu wa Mombasa, ambaye kwake tambi zilikuwa kwanza ni chakula cha Idi, zilizopikwa kwa tui, sukari na iliki. Alipoanza kupika spageti za nyama mjini hapa, aliona kwamba nyanya za sokoni, zinazochumwa kabla ya kuiva ili zisipondeke safarini, zina ukali unaouma, na dawa yake ikawa tui la nazi. Nyama aliichemsha na tui jepesi, kisha tui zito akalitia dakika kumi za mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, akikoroga upande mmoja ili lisikatike. Nilipokuja kusoma juu ya ile glasi ya maziwa ya Bologna, nilifurahi sana, kwa sababu kazi ni hiyo hiyo: mafuta na utamu wa maziwa, au wa nazi, huutuliza ukali wa nyanya na kuilainisha nyama kinywani. Nilipojaribu kutumia maziwa lala badala yake, yalikatika yakawa vipande vyeupe, na mchuzi ukazidi kuwa mchachu, kwa hivyo usiyatie. Nazi ikikosekana, tia maziwa mabichi ya ng'ombe, kidogo kidogo, kabla ya nyanya, na uyaache yakauke.

Wa tatu alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili huko Eastleigh, mama wa Kisomali aliyefika Nairobi mwaka 1991 nchi yake ilipovunjika. Kwao spageti si chakula cha mgeni. Italia ilitawala sehemu kubwa ya Somalia kama koloni lake, kisha ikaisimamia tena kuanzia mwaka 1950 hadi uhuru wa 1960, na baasto, kama wanavyoiita, ikabaki kuwa chakula cha nyumbani kama ulivyo ugali kwetu. Mchuzi wao, suugo, hutiwa mchanganyiko wa viungo uitwao xawaash, neno linalotamkwa hawaash, wenye bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga, iliki, karafuu, mdalasini na manjano. Jirani yetu alivikaanga vikiwa vizima na kuvisaga mwenyewe kila wiki mbili, na alishikilia kwamba vijazwe kijiko kimoja cha chai tu kwa nusu kilo ya nyama, kwa sababu zaidi ya hapo unakuwa umepika pilau bila wali. Kando ya sahani aliweka ndizi mbivu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja niliponyoosha mkono kuikataa, naye akaimenya bila kusema neno, akaikata vipande akaviweka juu ya uma wangu pamoja na tambi. Utamu wa ndizi ulikutana na pilipili, na tangu siku hiyo sijala suugo bila ndizi.

Mengine yaliyotajwa na wachangiaji nitayapitia kwa haraka. Ukwaju ni mzuri pale tu nyanya zinapokosa uchachu, jambo ambalo hutokea kwa nadra. Siagi ya njugu huugandisha mchuzi na kuifunika nyama, na mimi siipendekezi. Karoti iliyokunwa ni bora kuliko sukari. Wanaotia Royco wakumbuke kwamba ina chumvi tayari, waonje kabla ya kuongeza nyingine.

Kwa mchuzi wako unaotoka chapwa, usianze kwa kuvitia vyote. Kwa maelezo uliyotoa, kitunguu unakiacha kikiwa cheupe na nyama unaitia yote kwa pamoja katika sufuria ndogo, hivyo inachemka katika maji yake badala ya kukaangika. Kwa hivyo rekebisha hayo mawili kwanza. Kaanga nyama kwa mafungu mawili mpaka ishike rangi na kuanza kunata chini ya sufuria, kwa sababu ule ukoko wa kahawia unaokwanguliwa na mwiko ndio mwanzo wa ladha. Jumamosi moja pika na omena, nyingine pika na tui, ya tatu pika na xawaash, na viwango viwe hivi nilivyovitaja. Mimi binafsi hutia omena na tui pamoja, lakini xawaash huipikia sufuria yake, kwa kuwa karafuu na mdalasini huifunika omena kabisa.

Jambo moja la lazima ni kwamba, ukitumia unga wa omena, uwaambie wageni kabla hawajaonja, na kopo lake uliandike jina kwa nje. Wako watu ambao samaki huwavimbisha midomo na kuwabana pumzi, na katika mchuzi huu hakuna atakayemwona wala kumnusa.