Likate tumbawe lako lingali zima

Tumbawe langu la kwanza lilikuwa Sarcophyton, lile laini kama ngozi, pana kama sahani. Lilikaa katika akwariamu ya lita 200 sebuleni kwetu, hapa Lubumbashi. Juni moja umeme ulikatika siku mbili. Wenyeji mnajua baridi yetu ya Juni: maji yalishuka kutoka digrii 25 hadi 17, pampu zikanyamaza, na asubuhi ya tatu tulikuta harufu ya uozo. Lilikufa lote.

Leo ninalo tena, kwa sababu miezi minne kabla nilimkatia ndugu mmoja wa mtaa wa Golf kipande cha upana wa vidole viwili. Alinirudishia nusu.

Msiogope wembe. Baharini mawimbi ya dhoruba huvunja matawi ya matumbawe, na kipande kikiangukia mahali pazuri hushika mwamba na kukua. Ila kata tumbawe lenye afya, lililofungua polipi zake, yaani vijinywa vyake vidogo vyenye mikono. Lililonyauka halina nguvu ya kupona kidonda.

Mimi hufanya hivi. Nachota maji ya akwariamu yenyewe kwenye beseni, navaa glavu na miwani, kisha nakata ukingo wa kofia yake kwa wembe mpya, mkato mmoja. Litatoa ute mwingi. Suuza kipande katika maji yaleyale. Kazi ngumu ni kukishikiza, maana gundi haishiki kwenye ute. Nakiweka juu ya kijiwe, nakifunika kwa kitambaa chepesi cha shela ya bibi harusi, nafunga kwa mpira, nakiacha penye mkondo wa pole na mwanga mdogo. Baada ya wiki mbili au tatu kimeshika. Tafadhali usitumie chandarua cha kitandani: vingi vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo huua samaki na kamba pia.

Siku hiyo weka mkaa maalumu wa kuchujia maji, kwa sababu tumbawe la ngozi likikatwa humwaga sumu inayowaumiza majirani zake.

Matumbawe magumu kama Montipora ni rahisi zaidi: koleo kali, tone la gundi nzito ya haraka, kijiwe, basi. Zoanthus, jamaa wa matumbawe, ndiyo ya kuheshimu. Baadhi zina palitoksini, sumu inayoweza kuua mtu. Usiikate bila miwani, na kamwe usichemshe mawe ambayo imeota juu yake.

Halafu kuna shaba. Mji huu unaishi kwa shaba, lakini kwa tumbawe shaba ni kifo, hata kidogo sana. Usitumie maji ya bomba wala ya kisima moja kwa moja. Yapitishe kwanza kwenye chujio la osmosi, linaloondoa karibu kila kilichoyeyuka majini, ndipo utie chumvi ya akwariamu mpaka ifike gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Viungo vya shaba nyeupe kwenye mabomba yako, ving'oe. Dawa ya samaki yenye shaba isiingie kabisa humo.

Sasa tumbawe lile liko katika nyumba tatu: kwangu, Golf, na kwa kijana mmoja wa Kampemba mwenye betri na inveta. Nakata kila Aprili, ili vipande viwe vimeshika kabla ya baridi.